Bosi Anataka Nibaki Mimi, Mwanangu Asirudi

Mshauri wetu mpendwa,

Nisaidie kabla mwezi haujaisha, maana mwenzio nimejiingiza mahali ambapo hata baba watoto naogopa kumtazama usoni, na kosa lenyewe nimelifanya kwa mapenzi, si kwa ubaya.

Mimi ni mama wa watoto watatu, shule niliiacha mapema, lakini kifungua mimba wangu yuko chuo mwaka wa tatu, anasomea ujenzi wa barabara na madaraja, na sijisifu, mshauri, ila katika darasa lao la watu arobaini wasichana ni wanne tu, na katika hao wanne anayeongoza namjua vizuri kwa sababu nimemzaa mimi. Mtaani kwetu hakuna asiye na habari. Mwenye bucha anajua, fundi viatu anajua, hata yule kijana anayekuja kusoma mita ya maji, nikifungua mlango tu ananiwahi, "Mama Injinia, vipi, daraja limefika wapi?"

Sasa huyu Injinia wangu pamoja na masomo ana kibarua. Alasiri akitoka darasani, na Jumamosi kutwa, anapiga pasi kwenye duka moja la dobi karibu na chuo. Mwanzoni nililia, nikasema mtoto wangu wa madaraja akashike suruali za watu? Akaniambia, "Mama, hapo ndipo panapotoka nauli yangu na karatasi zangu za kuchorea. Na kazi nimeitafuta mwenyewe. Niachie." Nikamwachia, na baada ya wiki nikaanza kumsifia na hilo nalo.

Mwezi huu mitihani ikambana. Akaomba ruhusa ya wiki tatu, na bosi wake, mwanamke ambaye wote tunamwita Madamu, akakataa katakata, akasema asipoonekana nafasi imekwenda. Mtoto akarudi nyumbani kanywea kama nguo iliyokamuliwa. Ndipo nikamwambia, wewe soma, mimi nitakwenda kusimama badala yako, pasi ni pasi. Madamu akakubali kwa shingo upande, na mwanangu akanikumbatia mpaka kilemba kikaanguka.

Nikaenda. Na hapa univumilie, mshauri, maana kweli lazima isemwe, pasi naijua. Shati naanza na kola, upande wa ndani kwanza, nikimaliza unaweza kudhani shati lina mtu ndani. Siku ya tatu wateja wakaanza kuuliza, "Hii kapiga nani?" Siku ya tano akaja mwalimu mmoja mstaafu, mkali huyo, ambaye haipiti wiki bila kurudisha nguo, akalivaa koti lake palepale kaunta, akajigeuza mbele ya kioo mara mbili, akasema, "Leo mmenifanya nimekuwa bwana harusi." Mimi nimepiga pasi nyumbani kwangu miaka ishirini na miwili, wanavaa wanaondoka, hakuna aliyewahi kusema hata ahsante. Nilikimbilia chumba cha nyuma nikajifuta machozi kwa foronya ya mteja, kisha nikalazimika kuifua upya.

Ijumaa iliyopita Madamu akaniita pembeni. "Mama, nikwambie ukweli. Binti yako anatazama saa kuliko anavyotazama nguo. Mashati mawili kaniunguzia. Wewe ndiye mtu niliyekuwa namtafuta siku zote. Mitihani ikiisha endelea wewe, kutwa, yeye nitamwambia nafasi imejaa. Ila usimdokeze, asije akavurugikiwa."

Nikamuuliza, "Na nikikataa?"

"Nitaweka mwingine. Yeye harudi."

Nikasema, "Nimesikia, Madamu." Basi. Nikarudi kwenye meza yangu, na linalonitia aibu ni kwamba moyoni nilikuwa nacheka.

Tangu siku hiyo najitetea mwenyewe kwa mwenyewe, nasema bora nafasi ibaki nyumbani kuliko iende kwa mtu baki, nauli nitampa mimi, shida iko wapi? Lakini jana Injinia akaniletea chai mkononi, akasema, "Mama pole, nimekuchosha. Mitihani imebaki miwili, halafu nakupokea. Hivi zile namba zangu bado wanazitumia?" Hizo namba ni akili yake yeye. Kabla hajaanza kazi pale, suruali ya huyu ilikuwa inakwenda kwa yule, kila wiki kaunta ni vita, yeye ndiye aliyebuni vile vitambaa vidogo, kila siku na rangi yake, kila mteja na namba yake, vinabanwa kwa pini, na toka hapo haijapotea hata soksi. Nikamjibu, "Zinatumika, mwanangu," huku natazama chai.

Baba yake ni seremala, si mtu wa maneno mengi. Nilipomweleza aliweka randa chini, akasema, "Mama Injinia, ulikwenda kumshikia mtoto nafasi au kumpindua?" Kisha akaendelea na mbao yake.

Niambie, mshauri, nikubali, nikatae, au nikae kimya mpaka Madamu amwambie mwenyewe? Jina langu usiliandike, ingawa najua mtaa mzima watanitambua.

Ni mimi, mama mwenye furaha na aibu kwa pamoja.

*

Mshauri anajibu:

Mama Injinia, barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu siku zako zinahesabika.

Kwanza, aibu ya kufurahi iweke kando. Miaka ishirini na miwili bila ahsante, halafu mtu mkali anajigeuza mbele ya kioo kwa kazi ya mikono yako. Ungekuwa na moyo wa chuma kama usingefurahi. Kazi ile unaitaka, mama. Sema hivyo, uyasikie mwenyewe yakitoka mdomoni mwako, na uache kujificha nyuma ya maneno ya "ibaki nyumbani". Na hiyo nauli utakayompa wewe si sawa na ile anayoitafuta mwenyewe. Alikueleza waziwazi siku ile ulipolia.

Sasa niruhusu nikukaripie kidogo. Binti yako umemsifia kwa mwenye bucha, umemsifia kwa fundi viatu, umemsifia kwa msoma mita. Ni watu wema, ila hakuna hata mmoja mwenye kazi ya kumpa wala ya kumnyang'anya. Katika maisha yako yote ametokea mtu mmoja tu ambaye sifa zako zingemfaa mtoto mbele yake, naye ni Madamu, na siku hiyo ndiyo uliyochagua kuwa bubu. Ulimi wako ulikuwa likizo?

Usiniambie hukuwa na la kusema, maana umeniandikia mimi. Mashati mawili kaunguza, ni kweli, usilibishe hilo. Lakini vita vya kaunta alivimaliza nani? Madamu ameizoea amani ile mpaka amesahau ilikotoka. Mwanao hana mkono wa pasi. Ana kichwa cha kupanga vitu, na bosi wake amemsimamisha mahali pasipo pake, kisha anamlaumu kwa kutazama saa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho ukifika dukani, kabla pasi haijapata moto, mwambie Madamu kwamba kazi ya pasi unaitaka, kutwa, kwa jina lako. Mwambie pia kwamba binti yako arudi kwa saa chache, Jumamosi na alasiri moja au mbili, akae kaunta apokee nguo na kusimamia zile namba alizozibuni. Mkumbushe duka lilivyokuwa kabla yake. Na ongea kwa heshima, lakini usiombe msamaha kwa niaba ya mtu ambaye hayupo. Akisema hapana, mwambie utampa jibu lako ukishazungumza na mwanao, si kabla. Bosi anayekuomba umfiche mtoto wako leo, kesho atamwomba mwingine akufiche wewe.

Binti usimguse mpaka aweke kalamu chini mtihani wa mwisho. Hapo tu, kwamba asivurugwe kabla ya mitihani kuisha, Madamu kasema kweli. Lakini siku hiyohiyo, kabla hajajiandaa kurudi kazini, mkalishe umweleze yote, na lile la kucheka moyoni pia. Usisubiri alisikie kaunta. Atakasirika, mwache akasirike, na tafadhali usimkumbushe uchungu wa kumzaa. Kama Madamu amekataa, mwamuzi ni yeye. Akisema "chukua, mama", chukua kwa mikono miwili bila kujiumauma, na mzunguke pamoja kumtafutia mahali pengine. Akisema "usichukue", vua aproni ukatafute kazi ya pasi kwingine. Mkono kama wako hautakosa meza, na sasa walau unajua thamani yake.

Atakuuliza kwa nini ulinyamaza siku zote hizo. Mjibu kwa kifupi kwamba uliogopa kuipoteza kazi. Atakuelewa kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu wiki tatu hizi, juu ya vitabu vyake, na yeye amekuwa akiogopa jambo hilohilo.