Mume Wangu Hajibu, Nami Nilimjibia

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika kwa maana nimechoka, mimi ni mfanyabiashara hapa Zombe, nilianza na debe moja la ndengu na leo nina duka la kuta za mawe, mnunuzi akitaja bei hajashika kalamu mimi nishajua faida, lakini mume wangu Nzioka ukimuuliza kitu asubuhi atakujibu jioni, au kesho, na miaka ishirini na mitatu ni mimi namalizia sentensi zake ili maisha yaende. Januari wazee wa upande wa kijana anayetaka kumwoa binti yetu Ndila walikuja, wakamuuliza baba yake wawalete lini mbuzi wa ntheo, ambao bila baba kuwapokea msichana hahesabiwi mke wa mtu, naye akanyamaza akiangalia chini, hata shangazi wa kijana akacheka, “Jamani, mzee ameishiwa betri!” Wote wakaangua kicheko na mimi kwa aibu nikasema, “Leteni Machi, ndengu zitakuwa zimevunwa.” Nilikosea wapi? Siku ya pili aliniambia, “Nilikuwa bado nafikiri,” akachukua blanketi akaenda kwa dada yake kule Kikima, na hadi leo hajarudi. Sasa ni Machi, wakwe wanataka kuleta mbuzi Jumamosi hii na wanangoja neno, Ndila hanisemeshi. Huyu mtu ni mgonjwa wa akili? Ama shemeji yangu Muthama apokee hao mbuzi tumalize?

Mama Ndila, Zombe

JIBU: Pole, Mama Ndila. Kuchekwa mbele ya wageni kunauma. Lakini mlichekwa wote wawili, halafu wewe ukamnyang'anya mumeo hata jibu.

Nzioka si mgonjwa. Wewe neno likikuingia linatoka papo hapo na jibu lake. Yeye hulipindua kwanza, aangalie huku na huku, na ukimharakisha anarudi mwanzo. Mungu hakuumba vichwa vyote kwa kasi ya duka lako. Nimetafuta maneno ya mumeo katika barua yako ndefu, nimepata matatu tu.

Muthama asiguse mbuzi hao, utamharibia Ndila ndoa. Watumie wakwe ujumbe kwamba Jumamosi haiwezekani. Funga duka, nenda Kikima, muulize mumeo anataka nini kuhusu binti yake. Kisha nyamaza, mama. Chai ipoe, jua litue, wewe nyamaza.

Sikufichi: huenda akakubali kuja kwa ajili ya Ndila, halafu akakwambia kwako harudi tena. Hata neno hilo, mwache alimalize mwenyewe.