Kufuli Lako Jekundu, Testa

Leo mwaka umetimia tangu homa ya siku nne ituondolee wewe, mjukuu wetu, fundi umeme wetu. Tulikuita Testa kwa sababu testa, kile kipimo cha umeme, haikutoka mfukoni mwako, hata siku ya harusi ya dada yako.

Miaka minne ulijifunza chini ya fundi wako, mchana ukivuta waya, jioni darasani. Ulipopewa leseni ya kufanya kazi bila kusimamiwa, nilikukumbatia. Ukacheka. "Bibi, maana yake kuanzia sasa kikiharibika kitu, sina wa kumsingizia."

Ukitoboa ukuta wa mtu, ulifagia mwenyewe. Jirani yetu mshonaji, asiyeona kwa jicho la kushoto, ulimhamishia taa upande wa kulia kabla hajakuomba. Na waya hukuugusa bila kupima, kisha kupima tena. Mjomba wako alikutania, "Huyu hata chai anaipima kama ina umeme." Ukamjibu, "Ndiyo maana bado nipo wa kukutengenezea feni, Mjomba."

Wiki ile ya mwisho ulianza kubadilisha waya za chumba changu cha nyuma. Ulizima swichi yake kwenye sanduku la umeme, ukaitia kufuli lako jekundu na kikaratasi: "Fundi yuko kazini. Usiwashe." Ukanieleza kuwa aliyefunga ndiye anayefungua, maana uhai wake uko pale. Kesho yake uliamka na homa.

Mwaka mzima nimeingia chumba kile na tochi. Mjomba wako alitaka kulikata kufuli kwa msumeno. Nikamwambia, "Liache. Fundi hajamaliza." Ufunguo ulikuwa kwenye ovaroli yako, nami nilijua.

Juzi fundi wako alikuja. Alisimama mbele ya lile sanduku, akasema, "Bibi, kanuni yetu inasema aliyefunga asipoweza kurudi, msimamizi wake ndiye anayefungua."

Nikaenda kuleta ufunguo.

Waya zako alizikuta zimepangwa, kila mmoja na namba yake. Akasema hakuna cha kurekebisha, ni kufunga taa tu. Sasa inawaka, Testa. Kikaratasi chako sikukitoa. Kipo palepale, na mwandiko wako unasomeka vizuri.

Tunakukumbuka mimi bibi yako, mama yako, dada yako, mjomba wako na fundi wako. Kila mkono wetu unapogusa swichi, unakutafuta wewe.