Baba Aliinywesha Okidi Yako

Mpendwa Mama,

Okidi yako ilikaribia kufa mwezi wa pili, na aliyekaribia kuiua ni Baba. Nimekaa na habari hii peke yangu kwa sababu sikujua nimwambie nani. Kaka Karanja nikimpigia simu kuhusu maua, kule Nakuru aliko anakohoa kidogo kisha anauliza kama Baba anakula. Kwa hiyo nakuandikia wewe, hapa kwenye meza ya jikoni, Baba akiwa amesinzia kitini.

Unakumbuka siku tuliyoichimba? Shamba ulikochuma kahawa tangu usichana wako lilikuwa limeuzwa, na sisi watu wa kambi tumeambiwa tuhame. Tingatinga lilikuwa limeng'oa mikahawa yote ya upande wa juu, likasimama karibu na ule mwamba wa bwawa kungoja Jumatatu. Wewe ulitoka kanisani na gauni lako la bluu, hukubadilisha, ukachukua karai na panga. "Njeri, twende kabla hawajarudi." Nilidhani tunaenda kutafuta kuni.

Ilikuwa hapo kwenye nyasi, katikati ya mawe, bua moja limenifika kifuani na maua ya manjano yamepangana juu yake. Ulinieleza kwamba miaka yote ulikuwa ukiomba upewe mistari ya upande huo wakati wa kupalilia, ili jembe la mtu mwingine lisiiguse. Sikuwahi kujua. Ulichimba kwa mbali ukizunguka, ukainua udongo pamoja na mawe yake. "Usiivute," ulinikaripia. "Ukikata mizizi haitatusamehe." Baba alitukuta tukirudi, akatazama lile karai, akasema, "Watu wanahamisha vitanda, wewe unahamisha nyasi?" Ulicheka mpaka ukaliweka karai chini.

Mwaka wa kwanza hapa Ruiru, kwenye gorofa hii ya tatu, uliilea kama mtoto mgonjwa. Maji asubuhi, maji jioni. Kiangazi kilipofika majani yakawa manjano, yakalala, yakakauka, nawe ukalia. Jumamosi ulipoenda Thika kumfulia Mama Simran ulimweleza, kwa sababu ile veranda yake ilikuwa imejaa okidi za kila rangi. Ulirudi nyumbani ukiiga sauti yake ya kizee, huku unasimama kama yeye, mkono kiunoni: "Haijakufa, Wambui. Imelala. Hizi zangu zimetoka mbali na zinataka kubembelezwa, lakini hiyo yako ni ya hapa hapa. Inajua kiangazi kuliko wewe. Wacha kuisumbua."

Basi ukajifunza upya. Ndoo yenye matundu mengi chini. Mchanga mnene, kokoto, majani yaliyooza, vipande vya makaa. Vile viazi vyake vya kijani, vinavyoota shinani mwa majani, visizikwe vyote, vikae nusu juu ya udongo. Mvua ikinyesha, mwagilia bila uchoyo. Majani yakianza kugeuka, punguza, kisha acha kabisa mpaka uone chipukizi. Ulinirudishia somo hilo mara nyingi hadi nikawa nalimalizia kabla yako. Ilipochanua mwaka uliofuata, majirani walipanda ngazi kuja kuiona, nawe ukawapa chai kana kwamba kuna harusi.

Kisha ukaenda hospitali, kwa operesheni ambayo sote tulisema ni ya kawaida. Mimi nilikuwa Thika kiwandani, nikishona kola za mashati. Baba ndiye aliyekaa kando ya kitanda chako asubuhi hiyo. Nilipofika ulikuwa umeshatutoka.

Miezi minane baadaye Baba alianguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno mengi yakapotea. Tulikaa kikao, mimi na Karanja, na kaka yangu akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayenipa zawadi, "Wewe huna bwana wala watoto, Njeri. Kwako itakuwa rahisi." Nikaacha kazi.

Sitakudanganya, Mama. Si rahisi. Ngazi hazimruhusu kushuka, na mimi siwezi kushuka bila yeye. Asubuhi namwogesha, namnywesha uji, nakunja na kukunjua vidole vyake. Mchana namsogeza kwenye balkoni, akae akitazama watu. Sukuma wiki nanunua akilala, mbio kama mwizi, mlango nimeufunga kwa nje. Kuna siku nasimama hapo balkoni nikishika vile vyuma, na hakuna kitu ninachotaka duniani isipokuwa kwenda dukani polepole. Kusimama njiani. Kuulizwa "sasa, Njeri" na kujibu bila kuangalia saa.

Okidi yako niliiacha hapo balkoni kando ya kiti chake. Ilipolala mwezi wa kumi na mbili niliisogeza kivulini, sikuigusa tena. Nilijivunia kwamba nimekumbuka.

Kisha ikaanza harufu. Nilidhani ni panya. Nilipoinama juu ya ndoo nikaona udongo umelowa, mweusi, na kiazi nilichokibonyeza kikaingia ndani kama ndizi iliyooza. Maji ya kahawia yakatoka. Sita kati ya viazi saba vilikuwa hivyo. Nikageuka nikamwona Baba na kikombe chake cha plastiki katika mkono wa kushoto, ule mzuri, akikiinamisha taratibu juu ya ndoo. Kila siku alikuwa akifanya hivyo. Nami kila jioni nilikuwa namsifu kwa kumaliza maji yake.

Nilimpigia kelele, Mama. "Umeiua! Kitu kimoja cha Mama kilichobaki, na umekiua!" Nikasema na mengine. Nilisema nimechoka naye. Nilisema angeanguka Nakuru tungeona nani angeacha kazi. Alilia kwa upande mmoja wa uso, kwa sababu upande ule mwingine haujui tena kulia.

"Mama Karanja," akasema. "Kiu."

"Mama Karanja alikufa, Baba."

"Aliomba."

"Aliomba nini?"

Ilituchukua mchana mzima. Neno moja, kisha kimya, kisha anapiga mkono wa kiti kwa hasira kwa sababu neno limemkimbia. "Maji. Nesi... hapana. Mimi... hapana." Polepole nikaelewa. Asubuhi ile walikuwa wamekataza usinywe kitu kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Wewe ulikuwa na kiu. Ulimwomba maji, ukamwomba tena, ukamwambia hata ya kulowesha midomo tu. Naye, mtu wa kufuata maagizo maisha yake yote, akakuambia ungoje utoke, utakunywa ukitoka.

Nilikaa chini sakafuni kando ya kiti chake. Alikuwa amelibeba hilo hata wakati alipokuwa na maneno yote mdomoni. Kwenye matanga alisimama akashukuru watu, akapeana mikono, hakusema. Nilimwambia, "Baba, ulifanya ulivyoambiwa. Ilikuwa sawa." Akatikisa kichwa. Nimemwambia tena mara nyingi tangu siku hiyo, na bado anatikisa kichwa.

Kile kiazi cha saba kilikuwa kigumu, isipokuwa ubavuni. Nilichoma kisu kwenye moto wa gesi, nikakata palipooza mpaka nikafikia nyama nyeupe. Nikasaga makaa, nikapaka unga wake kwenye kidonda, nikakilaza juu ya gazeti kivulini siku tano kikauke. Udongo wa zamani niliutupa wote. Siku ya kupanda nilimpa Baba akishike wima kwa mkono wake wa kushoto huku mimi namimina mchanga na kokoto pande zote. Hakukiachia mpaka nilipomaliza. Kisha nikaichukua ndoo, nikaipeleka kwenye dirisha la chumba changu, mahali asipoweza kuifikia. Alinitazama nikiibeba. Nilijiona mbaya, lakini niliibeba.

Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, chipukizi moja likatoka, limechongoka kama ncha ya penseli. Nilimpigia Mama Simran kumwambia. Ameshazeeka sana. Alisema haitachanua mwaka huu, pengine hata ujao, nisiharakishe. Kisha akasema, "Wewe ndiye umefanya kazi hiyo yote ya kisu? Njoo Thika unisaidie. Vidole vyangu havishiki mkasi tena. Asubuhi mbili tu kwa wiki."

Nilimwambia haiwezekani. Nikakata simu nikaenda kufua shuka za Baba, na nikiwa nafua nikagundua nalia. Basi nikampigia Karanja.

"Nataka asubuhi mbili kwa wiki," nikamwambia.

"Na Baba?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza wewe."

"Si uko naye?"

"Niko naye kila siku, Karanja. Nataka asubuhi mbili."

"Nitaona," akasema. Wiki zimepita na bado anaona.

Aliyekuja ni Mama Kevo wa mlango unaofuata. Kuta hizi unazijua, hazifichi simu ya mtu. Alibisha akiwa na kitambaa anachofuma mkononi. "Mimi hufuma vitambaa nikiwa kwa nyumba tu. Naweza fumia hapa kwenu. Mzee hanisumbui." Nikamwambia, "Anapenda uji usiwe moto sana."

Jumanne iliyopita nilienda. Nilimweleza Baba tangu Jumapili: naenda kwa Mama Simran, narudi saa saba, Mama Kevo yuko. Nilivaa viatu vya kutokea, vilikuwa vimekakamaa kwa kukaa bila kuvaliwa. Nikashuka ngazi zote bila kukimbia.

Nilipofika getini nikatazama juu. Alikuwa ameupitisha mkono wake wa kushoto kati ya vyuma vya balkoni, ameuinua. Sikujua kama ananiita nirudi au ananiaga. Mdomo wake ulikuwa unasema kitu, lakini kutoka gorofa ya tatu hata mtu mwenye maneno yote hasikiki. Ningeweza kupanda kuuliza. Nilisimama hapo muda mrefu, mpaka jirani mmoja akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia hapana. Nikainua mkono wangu pia, ili kama ni kuaga, niwe nimejibu, kisha nikaenda.

Alhamisi nitaenda tena, Mama.

Binti yako,
Njeri