Kadi ya Masharubu

Makame, sahibu yangu,

Tangu tukuzike sijapata kukaa nikazungumza na wewe vizuri. Makaburini palikuwa na watu wengi, na mvua. Leo ni Jumapili. Nimekaa peke yangu katika kile chumba kidogo cha ukumbi hapa Ilford, albamu zako nne ziko mbele yangu, na yangu pembeni, na nina neno la kukwambia. Ningelisema ukiwa hai ungenitangaza London nzima.

Bi Zuhura ndiye aliyenikabidhi albamu, baada ya hitima ya arubaini. Mkeo amekonda lakini hajambo. "Shemeji Kombo, chukua wewe, watoto hawazitaki," aliniambia. Binti yako akaongeza kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba siku hizi hakuna mtu mwenye haja na kadi za mpira. Nikazitia mkobani, maana kasema kweli.

Lakini yeye hakuiona meza yetu ya kubadilishana kadi, ile miaka ya tisini. Ukumbi mkubwa ulikuwa unajaa. Watoto na baba zao, wauguzi waliotoka zamu, na yule Bi Kanta wa Queensbury, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, aliyekuwa akikusema kwa Kiswahili safi kila ulipomkatalia kadi. Kila mtu kaja na wachezaji wake aliowapata mara mbilimbili, anatafuta wa kubadilishana naye. Na wewe mlangoni, hapiti mtu mpaka akanawe mikono. "Huli wali kwa mkono mchafu, utamshika mtu uso?" Wazungu wazima na vitambi vyao wakipanga foleni kwenye sinki! Sijaona tena watu wakitii amri kwa furaha namna ile.

Nilikupenda kwa hilo, na sikukwambia. Nilikupenda pia kwa ulivyokuwa na watoto. Mtoto akikupa kadi ya maana kwa kutojua, ulimrudishia, ukamweleza alichonacho, ukamwambia akafikiri mpaka Jumapili nyingine. Mimi ningeichukua nikamshukuru Mungu. Halafu ulikuwa ukisoma nyuma ya kadi kwa sauti, urefu wa mchezaji, mji aliozaliwa, timu alizopita, utadhani umempelekea posa. Nilikuwa nakucheka. Kumbe watu wengine walikuja kukusikiliza wewe tu.

Kisha mambo yakaanza kupungua, kidogo kidogo, hata hatukujua tuanze lini kuhuzunika. Kampuni zikawa zinatoa kadi za aina nyingi mno, hizi zinang'aa, hizi za dhahabu, watu wakachoka kuzifukuzia. Shule zikapiga marufuku. Duka la karibu na stesheni likaondoa pakti za kadi, likatundika makasha ya simu. Watoto wakahamia kwenye michezo ya kompyuta, na wakusanyaji waliobaki wakawa wanaagiza kwenye mtandao, mtu anatimiza seti nzima bila ya kumpa mwenziwe mkono. Tulikuwa wengi, tukawa sita, ndipo tukahamishiwa chumba hiki cha karibu na jiko. Mwisho tukabaki mimi na wewe.

Na wewe hukuacha kuja. Basi kutoka Thamesmead mpaka Woolwich, kivuko, basi jengine mpaka hapa, hata ulipokuwa miguu imevimba na moyo wenyewe haukutaki. Unafika, unavua glavu, unanawa, unafungua albamu ya kwanza na kunionyesha nafasi tupu ya kadi nambari mia mbili na kumi na nne. "Nimebakisha moja tu, Kombo." Kipa wa akiba ambaye jina lake lilitushinda kulitamka, tukamwita Masharubu. Msimu mzima mtu huyo alikalia benchi, na wewe ulimtafuta miaka.

Sasa nisikilize. Mimi nilikuwa naye.

Nilikuwa naye mara mbili, Makame. Mmoja kwenye albamu yangu, mwengine kwenye kopo la biskuti nyumbani. Nilijua ukimpata, seti imetimia, na seti ikitimia huna tena la kukuvusha mto. Ningebaki hapa na nani? Kwa hiyo kila Jumapili nilikutazama machoni nikakwambia, "Sijamwona, sheikh." Ulipolazwa mara ya mwisho nilimtia mfukoni nikaja naye. Nikakaa pembeni ya kitanda chako, mkono umo mfukoni. Ukasema, "Nimebakisha moja tu," ukacheka. Nikaogopa. Niliona kama nikikupa utaondoka. Nikarudi naye Ilford, na ukaondoka vilevile.

Naona haya mpaka leo. Ndiyo maana nimekuja, nimweke Masharubu pahala pake, nikuombe radhi.

Nimenawa mikono kwanza. Nimefungua ukurasa wako, nafasi tupu iko palepale. Lakini mfuko wa plastiki wa jirani, wa nambari mia mbili na kumi na tatu, niliuona umenenepa. Nikaivuta kadi. Nyuma yake kajificha Masharubu, glavu kubwa, ananitazama.

Pamoja naye kulikuwa na kile kikaratasi chako, maana kila kadi uliiwekea kikaratasi kuonyesha umeipata lini na kwa nani. Mwandiko wako mzuri, ule wa karani. "Kwa Bi Kanta." Na tarehe ni ya wiki tulizohamia chumba hiki, kabla Bi Kanta hajaenda kuishi kwa mwanawe Leicester. Miaka sita, Makame! Miaka sita umevuka mto, kwa mvua na kwa baridi, kutafuta kitu ulichokuwa nacho kwapani.

Nimecheka mpaka mtunza ukumbi akaja kuchungulia. Kisha nimelia, akaniletea maji. Muunguja we! Mimi Mpemba nikijiona ndiye mjanja, na muda wote wewe umenitangulia. Lakini mimi uongo wangu niliusema nimekaa kitako karibu na nyumbani. Wako uliubeba kwa basi mbili na kivuko, na moyo mgonjwa. Hapo umenishinda, nakubali. Sijui kama ulijua kuwa ninaye. Sijui kule hospitali ulichokuwa ukicheka.

Nimewatoa Masharubu wangu wote wawili nikawaweka na wako, watatu mfuko mmoja, wabanane. Albamu yangu sasa ndiyo yenye nafasi tupu.

Kwa Bi Zuhura usiwe na wasiwasi, safari hii kivuko nitakipanda mimi kwenda kumjulia hali. Wewe pumzika, sahibu yangu, Mungu akupe wasaa huko uliko. Meza nitaifungua kila Jumapili yetu, aje mtu asije. Atakayeingia mlango huu nitampeleka kwenye sinki, nimkaribishe kiti, nimfungulie ukurasa ule wa albamu yangu na kumwambia nimebakisha moja tu.

Wako,
Kombo