Githeri Ndani ya Mashine ya Chokaa

Jumatatu, 3 Machi
Leo mashine mpya imewashwa kiwandani. Boiler ya kuni imefungwa kufuli! Meneja Muriithi amepiga picha nyingi na hiyo mashine kuliko za harusi yake.

Injinia Boaz ametueleza sisi wakata maembe. Ndani kuna chokaa. Ikipewa mvuke inashika joto kali, hilo joto ndilo linakausha maembe. Ikilowa, inakaushwa na joto lililokuwa linapotea bure, inaanza upya. Aoko akauliza: hata chokaa inapumzishwa, sisi je? Tulicheka. Meneja hakucheka.

Mtoto wangu Mutie alikuwa anatia kuni kwa boiler. Sasa amewekwa kuchunga mashine. Wanunuzi wanakuja Ijumaa. Maembe yakikauka vizuri, anaandikwa kazi. Yakikataa, aende na kuni zake. Ngai, Mungu wangu!

Jumatano, 5 Machi
Githeri baridi tena, mahindi na maharagwe kama mawe. Zamani tulipanga mikebe kwa mdomo wa boiler, saa ya lunch inachemka. Kwa hesabu yao ya kuokoa kuni hawakuweka tumbo la mtu. Na Boaz amekataza – mlango wa mashine usiguswe, joto litatoroka. Eti kama kuku.

Mutie amekonda. Anatafuna maharagwe kama changarawe.

Alhamisi, 6 Machi
Meneja amemtoa Mutie kwa mashine akamwoshee gari. Wageni wasione matope! Nikafungua mlango, nikaweka mkebe wa mtoto wangu. Mmoja tu. Aoko akaona – mama, na wangu? Mara laini yote ya wakata maembe imeleta mikebe. Nikapanga vizuri juu ya maembe, bila vifuniko ndio githeri ishike moto haraka.

Watu wamekula chakula moto! Wameniita Injinia Mama. Nikafurahi kama mjinga.

Ijumaa, 7 Machi
Wageni wamekuja na tai zao. Meneja akahubiri: hakuna moshi, hakuna kuni, hakuna hasara. Akavuta trei. Maembe yamelowa mvuke wa githeri yetu, yananing'inia kama ulimi wa ng'ombe. Mgeni mmoja akaonja, akatafuna sana, akauliza kwa upole kama huwa tunachanganya na maharagwe. Aoko akajificha na aproni.

Boaz akasema chokaa haina makosa, kuna mtu alifungua mlango. Meneja akauliza nani alikuwa zamu. Mutie akasema, ni mimi. Hakutaja gari! Na huyo mwenye gari, inang'aa hapo nje, akawageukia wageni kama hajui kitu. Mutie ameambiwa kesho asubuhi arudishe overoli.

Sasa tuko nyumbani Mugutha. Nimemwambia naenda kusema ni mimi. Anasema, mum, ukisema tunafutwa wote wawili. Nyamaza, angalau mmoja abaki.

Ameifua overoli akaianika. Mawingu tu. Nimeishika, bado inadondosha maji.

Nimemwambia kesho nitaipeleka mimi, na niseme ukweli. Amesimama mlangoni kunizuia, hasongi –