Afande Hatupwi

Urambo,
Jumapili, baada ya misa.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limekupa nafuu tangu mvua zilipokatika. Msalimie kaka Vedasto na wote wa hapo Puge. Sisi huku hatujambo, isipokuwa tumbo langu, ambalo nitalisema mwishoni. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatisha, na safari hii nataka nimalize.

Maneno yako yamenifikia. Vedasto alinipigia akasema umeagiza paka wangu, Afande, atiwe kwenye gunia akatupwe, maana mtu mzima mwenye akili zake hauguzi paka. Sikumtupa. Na simtupi ng'o!

Unajua mwenyewe alivyolinda mahindi yangu mpaka panya wakahamia kwa majirani. Basi asubuhi moja alianza kutapika, akakataa chakula, akajikunyata chini ya kitanda. Nikasema huyu kala panya mwenye sumu. Na kwetu dawa ya sumu si inajulikana? Nikamnywesha maziwa, na juu yake kijiko cha samli, ile uliyoniletea. Akatapika mpaka nyongo. Jirani yangu Marsiana, yule wa Ulyankulu, akashauri tumpe Panadol. Namshukuru Mungu duka lilikuwa limefungwa.

Nikambeba kwenye kapu hadi kwa Ngassa, daktari wa mifugo. Watu waliofuata dawa za ng'ombe walicheka wee! Mmoja akauliza paka wangu anakamuliwa lita ngapi. Nikamwambia asogeze mkono aone anachotoa. Ngassa alimpapasa tumbo, akasema anavyoona yeye si sumu, ni kongosho limevimba, na samli yangu imezidisha kutapika. Panadol ndiyo ingemmaliza kabisa.

Kisha akasema neno ambalo halijanitoka. Alisema paka huficha maumivu. Halii, hukunja mgongo akanyamaza, na watu husema ametulia. Akasema lazima tuanze na maumivu, ndipo atakula, kwa sababu kuvumilia hakujawahi kumponya mgonjwa yeyote. Akamchoma sindano ya maumivu na ya kuzuia kutapika, akamwekea maji chini ya ngozi. Nikawa namrudisha kila siku. Wao wanacheka, mimi napita.

Nyumbani nilimlisha kidari cha kuku kilichochemshwa bila chumvi wala mafuta, kidogo kidogo, kwa kidole, kwani Ngassa alinionya paka hashindishwi njaa. Alikuwa anageuza uso. Nililia, mama, sikufichi. Juzi akatoka mwenyewe chini ya kitanda, akajinyoosha, akaenda kuiba dagaa wa Marsiana. Marsiana alimtukana kwa Kirundi huku machozi ya furaha yanamtoka.

Sasa tumbo langu. Kila mwezi nimekunja mgongo vilevile, na nyinyi mkasema Levina katulia, Levina mvumilivu. Daktari wa hospitali aliposema ni uvimbe kwenye kizazi na utolewe, ulikataa. Ulisema tumbo huuma wanawake wote, na hata bibi alivumilia. Bibi alikufa akivumilia, mama. Nakupenda na nakuheshimu, lakini hilo sikutii.

Marsiana anapita hapo akienda Nzega, na nimemwomba asikukabidhi barua hii kabla ya Jumanne. Upasuaji ni Jumatatu, Tabora. Kwa hiyo unaposoma hapa nimeshapasuliwa, na hakuna wa kunizuia. Mume wangu Leodgar yuko nami, na Afande ameachwa kwa binti wa Marsiana.

Naogopa, mama. Njoo uniuguze, nitafurahi mno kukuona. Ila samli iache hukohuko.

Ni mimi mwanao mkaidi,
Levina