Siku Niliyomchoma Kaka kwa Ajili ya Udongo

Issuna, Jumamosi jioni. Upepo mkali, vumbi tupu.

Leo nimemchoma kaka yangu kwa mkasi wa kupogolea zabibu.

Jicho la kushoto limevimba, halioni vizuri. Lakini nikilala bila kuandika, kesho nitaanza kujitetea.

Shamba la zabibu alituachia marehemu baba, mimi na Kaka Elia, kila mmoja upande wake. Baba alipiga dawa miaka yote, ya ukungu, ya wadudu, ya magugu, mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu. Ukichimba hukuti hata mnyoo mmoja. Mizabibu ikaanza kukauka. Huu ni msimu wa tatu upande wangu naweka samadi ya mbuzi, nafunika ardhi kwa nyasi kavu, napanda kunde katikati ya mistari. Wiki iliyopita niliinua zile nyasi nikakuta minyoo. Nililia kwa furaha peke yangu shambani.

Leo natoka kisimani, namkuta Kaka amebeba bomba mgongoni, anapulizia dawa ya magugu upande wangu. Mistari minne imeshalowa.

"Kaka, shusha hilo bomba."

"Watu wanasema shamba la baba limegeuka pori," alinijibu bila kusimama. "Nimechoka kuchekwa."

Nikashika jembe, nikalipiga bomba. Likapasuka, dawa ikammwagikia mgongoni. Akageuka akanipiga ngumi ya jicho. Nilipoanguka akanikalia kifuani, akanikaba koo. Nilimng'ata kidole mpaka nikaonja damu yake, hakuniachia. Mkasi ulikuwa kiunoni kwangu. Nikauchomoa, nikamchoma pajani.

Mara mbili.

Ile ya pili, alikuwa ameshaniachia. Hilo sijamwambia mtu.

Mama alikuja mbio. Alimvua shati, akammwagia maji mgongoni, akamfunga paja kwa kitenge chake mwenyewe. Tukampakia kwenye bodaboda hadi zahanati.

Daktari akauliza nani kamfanyia hivi. Nilifungua mdomo, Kaka akaniwahi.

"Nilijikwaa nikaangukia mkasi, daktari."

Daktari aliliangalia jicho langu, kisha akaendelea kushona.

Tangu turudi Mama hajanisemesha. Shambani sijarudi. Miaka mitatu nimewaandikia hapa bloguni, wasomaji wangu, kuhusu vijidudu vya udongo visivyoonekana kwa macho, jinsi ya kuvilisha na kuvilinda, na leo nimemwaga damu ya mtu tuliyenyonya naye ziwa moja. Nimefika mlangoni kwake mara mbili. Nilisikia anavyogumia kwa maumivu, nikashindwa kubisha hodi.

Kesho nitaingia. Nitamwamkia kama kila asubuhi, halafu nitamwambia kwamba ile ya pili nilikusudia.

Sijui kama ataitikia shikamoo yangu.